Kibubu cha mpwa wangu na shilingi 55,300

Jumapili ya mwisho ya Mei 2025 tulikaa watu wanne mkekani sebuleni kwa dada yangu, Tandika, Dar es Salaam: dada mwenyewe, mwanawe wa kiume wa miaka 10, binti yake mdogo, na mimi mjomba wao niliyeitwa niwe shahidi. Katikati yetu palikuwa na kibubu cha mbao, kile cha kawaida cha seremala, kimepigiliwa misumari pande zote na kuachwa kitundu kimoja juu. Kijana alikianza Januari 2024, shule zilipofunguliwa, akiingia darasa la nne. Alitaka baiskeli. Kuna fundi jirani pale ambaye kila mtoto akipita alikuwa akimwambia kwamba kwa laki na thelathini anaondoka nayo.

Nilikuja na nyundo. Ubao wa chini ulipobanduka zilimwagika sarafu na noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama sambusa, moja imeshikana na ganda la pipi. Tukahesabu, tukarudia. Shilingi 103,200.

Kijana hakushangilia. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari la hesabu la mwaka uliopita, akaligeuza nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimejaa tarehe na tarakimu, penseli hapa, kalamu pale: 500, 300, 500, 2,000 Idi, 500 bibi. Kila alichotumbukiza alikiandika, karibu miezi 17. Nikajumlisha kwa simu. Ilikuja 158,500.

"Mjomba, nimekosea wapi?"

Aliniuliza mimi, hakumuuliza mama yake. Nadhani jibu alikwishalijua. Dada alikuwa ameinamia mkeka, anang'oa nyuzi.

Nimeomba ruhusa yao kukiandika kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu watoto na hela huanzia kwa mtoto mfujaji: ubuyu, barafu, gemu, hajui kesho. Huyu wetu hakuwa hivyo. Katika kuweka akiba alitushinda sote tuliokaa pale mkekani, na bado mambo yakaharibika kwa namna tatu tofauti, zote zikiwa kazi ya watu wazima.

Hela ilivyotoka

Kibubu cha mbao hutoa hela kwa tundu lile lile linaloingizia. Unakigeuza kichwa chini, unapenyeza kisu cha siagi, unatikisa polepole, noti inateleza juu ya kisu. Sarafu zinapiga kelele kwa hiyo unaziacha. Dada alinionyesha mwenyewe jioni ile, watoto wakiwa nje, na alifanya kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Ni mama lishe karibu na soko. Wali maharage, wali nyama, ugali dagaa, chai asubuhi. Mume wake anaendesha lori la masafa marefu na hela yake huja kwa mkupuo, ikichelewa inachelewa kweli. Siku LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakata saa tatu usiku, au mtungi wa gesi unazimika sufuria ikiwa jikoni, pale kabatini pana hela ambayo haina kazi mpaka baiskeli. Akachukua elfu mbili. Wiki mbili baadaye, elfu tano. "Nilikuwa nakopa, kaka. Nilikuwa narudisha."

Nilimuuliza anakisia alichukua kiasi gani. Akafikiri sana, akasema elfu thelathini, labda na kitu kidogo juu. Daftari la mtoto lilisema pengo ni 55,300. Na hadanganyi, aliamini kweli ni elfu thelathini. Mwanamke huyu huyu ana daftari la wateja wanaokula kwa mkopo pale kijiweni, na ndani yake utakuta hadi chapati moja ya fundi viatu ya mwezi wa pili. Biashara anaiandikia. Deni la mtoto wake hakuliandika hata mara moja, kwa sababu kichwani mwake halikuwa deni. Hela ya mtoto ni ya nani, kama si ya mama?

Hapo ndipo penye mzizi, na si kwa dada peke yake. Asubuhi ya Idi mtoto anazunguka kwa shangazi na wajomba, anarudi na mfuko umejaa, mama ananyoosha mkono: "Lete nikutunzie." Hela yangu ya sikukuu ya mwaka niliovaa kanzu mara ya kwanza inatunzwa mpaka leo. Tunacheka tukisimuliana, lakini mtoto anaondoka na elimu kamili: hela uliyoila ni yako, hela uliyoiweka ni ya mkubwa yeyote atakayepungukiwa. Mtoto mwenye akili timamu, akishaelewa hilo, atafanya nini na jero yake? Ataila kabla hajafika nyumbani. Baadaye tutasema watoto wa siku hizi hawajui kuweka.

Noti zilizofia ndani

Katika zile 103,200 zilikuwemo noti 14 za shilingi 500. Noti, si sarafu. Wasomaji vijana huenda wamezisahau: za karatasi, Mzee Karume mbele, ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nyuma. Sarafu ya 500 ilitoka 2014 kuchukua nafasi yake, maana karatasi ile ilikuwa ikipita mikono mingi na kuchakaa upesi. Mama yetu, bibi yake huyu kijana, anaishi Lushoto na alikuwa na akiba yake ya noti hizo sandukuni, mpyampya, alizozipenda kwa sababu hazijakunjwa. Kila aliyepanda kwenda kumsalimia alirudi na moja ya mjukuu.

Oktoba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na hiyo ya 500 ya mwaka 2010. Kuzibadilisha ilikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazinunui kitu. Tangazo tulilisikia sote, redioni na kwenye simu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kibubu. Kilikuwa kimepigiliwa misumari, na kitu kilichopigiliwa misumari unakihesabu kuwa salama.

Shilingi 7,000 si nyingi. Lakini mtazame mtoto akiambiwa kwamba hizi ni hela, zina namba, zina picha, bibi alimpa kwa mkono wake, na Mangi wa duka la kona hazipokei. Alikwenda kujaribu. Akarudi nazo zimepangwa vizuri mkononi: "Mangi kasema zimekufa."

Na kuna jambo ambalo dada aliniambia kwa sauti ya chini, nusu anacheka nusu anataka kulia. Mwezi wa pili, dirisha la kubadilisha likiwa wazi, kisu chake kilitoa mbili kati ya noti hizo. Aliziona ni mia tano tano, hazitoshi umeme, akazirudisha ndani.

Tumbo

Hili la tatu ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu nilishiriki. Kijana alikuwa akipewa buku, yaani elfu moja, kwa siku, hela ya kula shuleni. Nje ya geti lao, kama kwenye shule nyingi za mjini, kuna akina mama wa maandazi, mihogo ya kukaanga na kachumbari, kashata, ubuyu wa pakiti, barafu. Buku inatosha mtoto kushiba kiasi na kubakiza kidogo. Yeye alikuwa akitumbukiza mia tano, mara nyingine mia nane.

Oktoba 2024 mwalimu wa darasa alimwita dada. Mtoto anasinzia baada ya mapumziko, na wenzake wamemlalamikia kwamba anadoea. Neno hilo lilimuumiza dada kuliko yote: mtoto wa mama lishe, anayelisha nusu ya mafundi wa mtaa, anadoea mihogo ya watoto wa watu. Kumbe wenzake walishaanza kujificha nyuma ya choo kula.

Sisi wakati huo tulikuwa tukimsifu. Nakumbuka nikimwambia shemeji kwenye simu, "Huyu ana akili ya hela, huyu." Akiba yake ilikuwa inalipwa na mihogo ya rafiki zake. Dada alimkemea, akamwamuru ale, mambo yakatulia kwa wiki chache, halafu, kwa mujibu wa daftari, mia tano zikarudi Novemba. Ukimpa mtoto hela moja kwa kazi mbili, kula na kuweka, kisha ukamsifia kuweka tu, usishangae akiacha kula.

Tulichokifanya

Mimi ni mwandishi wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kwa hiyo nilikwenda na ninachokijua. Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu, sanduku linalala kwa mtu wa nne, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Utaratibu wa namna hii una asili yake kwenye vikundi vya wanawake wa Niger mwaka 1991, na umesambaa nchi nyingi za Afrika kwa sababu moja ambayo watu wa vikundi tunaijua vizuri: wanachama si wezi, ila shida ya usiku haina adabu. Kufuli haimtukani mtu. Inamsaidia kusema hapana wakati yeye mwenyewe hawezi.

Tukamwagiza seremala yule yule atengeneze sanduku dogo lenye bawaba na kufuli mbili. Ufunguo mmoja wa kijana, mwingine wangu, na mimi nakaa mitaa miwili kutoka pale. Linafunguliwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tunahesabu, tunalinganisha na daftari. Kama kuna tangazo la noti nyingine kufa, litatukuta macho.

La pili lilikuwa kutenganisha mifuko. Badala ya buku kila siku ya shule, anapata 600, na ni ya kula. Haiwekwi, haihojiwi, na akirudi nayo anaulizwa amekula nini. Jumamosi anapewa 1,500 ambayo ni yake. Hiyo anafanya anachotaka: aiweke, aile, aitupe mtoni. Dada alipiga hesabu haraka kuliko mimi. Zamani 5,000 kwa wiki, sasa 4,500. "Umeniokolea mia tano, kaka," na ndiyo iliyomfanya akubali, nadhani, kuliko maneno yangu yote.

La tatu lilikuwa gumu. Nilimwambia dada aandike deni. Sio kumwomba mtoto msamaha kwa jumla jumla kisha kumnunulia soda; aandike kwenye daftari lile lile, kiasi, tarehe, na atalipaje. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza kama nataka mtoto amwone mama yake mwizi. Nikamwambia hilo la wizi mtoto amekwisha kuliwaza peke yake, sasa aone namna mtu mzima anavyolipa. Tukazungumza mpaka saa nne usiku. Mwisho tulikubaliana 55,000, kijana akasamehe zile mia tatu kwa heshima kubwa kama jaji, na mama atalipa 5,000 kila Jumapili kwa wiki 11.

Najua wapo watakaosema huko ni kumpandisha mtoto kichwani. Mama yetu wa Lushoto alisema hivyo hivyo kwenye simu, na kwa maneno makali zaidi. Mimi naona mtoto alikwishapanda kichwani pale alipoandika daftari miezi 17 na mama yake hakuandika siku moja. Sisi tulimfuata tu.

Mtu ataniuliza, kwa nini si benki? Tulilizungumza. Benki kadhaa hapa nchini zina akaunti za watoto, mzazi akiwa msimamizi, na UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto ulioanza 2008. Kwa hela ya sekondari au chuo, huko ndiko mahali pake, na dada amenuia kwenda. Lakini mtoto anayetaka baiskeli ndani ya miezi michache, ambaye hela yake imeyeyuka asikoona, anahitaji kuigusa na kuihesabu. Kuhusu simu, laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na wakati ule kitambulisho cha taifa kilikuwa kuanzia miaka 18. Hela ya mtoto ingekaa kwenye simu ya mama, nasi tungerudi kwenye kisu cha siagi, safari hii na makato juu.

Miezi mitatu iliyofuata

Jumamosi ya kwanza, tarehe 31 Mei, alikwenda kwenye kibanda cha gemu na 1,500 yake, mechi moja mia tatu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekaa kibarazani hana kitu. Jumatano yake dada alinipigia: "Kaka, mtoto anatazama kashata za jirani kama yatima. Nimpe mia mbili tu?" Nilimwomba asimpe. Mtoto alikuwa ameshiba, zile 600 zilikuwa zinafanya kazi yake. Kilichokosekana ni kashata. Hasara ya 1,500 kwa umri ule ni rahisi kuliko zote zitakazomjia, na mama akiifidia inakuwa si hasara tena. Alikubali, ila alikata simu bila kuaga.

Jumamosi ya pili alicheza mechi tatu. Ya tatu alikwenda asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, akapatana na mwenye gemu mechi tatu kwa 700. Hakuna aliyemfundisha hilo. Wiki moja ya Julai alinunua saa ya plastiki kwa mmachinga, 3,000 aliyokuwa ameibakiza wiki mbili, na ikasimama siku ya pili. Aliipeleka kwa yule mmachinga, akaambiwa saa haina waranti. Bado anaivaa, imesimama saa nne na robo.

Dada alilipa. Si kila wiki. Mara mbili alikosa, mara moja kwa sababu biashara ililala na mara moja sikuuliza, na kijana aliandika kwa kalamu nyekundu "hajalipa", bila kusema neno. Dada anasema wekundu ule ulimsumbua kuliko mwenye nyumba. Akamaliza tarehe 24 Agosti, akaweka sahihi. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kuanzia Julai aliacha pia kuchota mtaji wa kijiweni kwa matumizi ya nyumbani bila kuandika. Hakuniambia. Niliona daftari jipya limening'inia kwa uzi karibu na jiko.

Ilikuwa 96,200 za mwanzo baada ya kutoa noti zilizokufa, 55,000 za mama, na 9,300 alizobakiza kutoka Jumamosi zake 13. Jumla 160,500. Lakini fundi naye hakuwa amelala. Baiskeli ya laki na thelathini sasa ilikuwa laki na arobaini, kwa maelezo kwamba amevisha mipira mipya. Kijana alinigeukia. Nikajifanya natazama simu. Nikamsikia akiuliza mipira ni mipya kweli au imepakwa rangi, akainama, akabonyeza kwa kidole, akaanzia laki na ishirini. Walimalizana kwa 132,000. Alihesabu mwenyewe, polepole sana, fundi akihema. Kufuli ya baiskeli ikala 4,000, akabaki na 24,500 alizozirudisha sandukuni siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye akapata pancha, akalipa buku kutoka Jumamosi yake, akarudi amenuna: hakuwa ameweka hesabu ya pancha. Sasa ina mstari wake daftarini.

Mdogo wake wa kike, miaka 6, anapata mia tatu ya Jumamosi na anaila yote kwa ubuyu kabla ya saa tatu asubuhi, midomo myekundu, furaha tele. Kaka yake anaumia rohoni. Amejaribu kumhutubia. Tumemwambia amwache.

Septemba bibi alishuka kutoka Lushoto. Alimwita mjukuu wake, akampa noti ya elfu mbili. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akasogea nayo dirishani. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akatoa elfu mbili nyingine mfukoni mwake, akaziweka pamoja na kuzilinganisha pembe kwa pembe. Sebule ikawa kimya.

"Wewe, unanipima?" bibi akauliza.

"Hapana bibi. Napima hela."

Mama yetu alimtazama kwa muda. Kisha akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa nyingine tatu.

"Basi nipimie na hizi."